Ngege wa Mwezi wa Saba

Kabla ya kushika kisu, tafuta barafu. Hilo ndilo somo la kwanza nililopewa kazini, nami nawapa nyinyi vijana mnaokuja kunitembelea hapa mtaani Ayany na makoti yenu meupe mkononi. Mnanisalimu "niaje, buda," mnaketi kwenye viti vya binti yangu, mnaniuliza tulifanyaje kazi ya maabara bila zile mashine zenu. Nitawaambia, lakini mnivumilie. Nikianza na samaki huishia kwa mke wangu Anyango, na sijui njia nyingine ya kusimulia.

Tangu nilipotoka kwetu ziwani nikiwa kijana mbichi, uhuru bado mpya, hadi nilipostaafu, kazi yangu ilikuwa kupasua samaki wa maji yasiyo na chumvi. Chuo kilichotuajiri kilitaka kujua samaki hao hula nini kila majira, na tumbo lao hukisaga vipi chakula. Tuliwatoa kwenye bwawa la hapo chini ya Kibera. Msicheke. Mnaloliona leo ni majani na takataka, lakini siku zile lilikuwa na maji ya kweli, na watu walikwenda huko Jumapili kupunga upepo. Asubuhi ungewaona ngege, hao mnaowaita tilapia, wamepanda juu, midomo ikifunguka na kufungika kama kina mama wanaosali kimyakimya. Nikipita huko sasa hugeuza uso.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Wekesa, Mluhya mmoja mwembamba aliyeishi Kawangware, mwenye miwani iliyofungwa waya upande mmoja. Alikuwa mzee wa kanisa, kwa hivyo hakutukana mtu. Alikutazama tu juu ya ile miwani hadi ukajitukana mwenyewe.

Wiki yangu ya kwanza niliwaleta ngege kwenye ndoo, nikawaweka kivulini, nikaenda zangu kunywa chai. Niliporudi nilimkuta amesimama juu ya ndoo.

"Odhiambo, barafu iko wapi?"

"Si wameshakufa, Mzee? Barafu ya nini tena?"

"Samaki amekufa, sawa. Lakini tumbo yake, nani ameiambia?"

Akampasua mmoja nione. Ngozi ya ndani ilikuwa imeanza kulegea na kuteleza kama ugali uliomwagikiwa maji. Alinieleza kwamba tumboni mna maji makali ya kusagia chakula, na nguvu iliyomo ndani yake watu wa vitabu huiita vimeng'enya. Kimoja humega wanga, kingine humega nyama, na kila kimoja kinajua kazi yake. Samaki akifa, vimeng'enya havina habari kwamba kuna msiba. Vinaendelea na kazi, na chakula kikiisha vinamgeukia mwenye tumbo. Joto huviharakisha na barafu huvilaza. Ndiyo sababu barafu huja kwanza, kisu baadaye, na hata kinu cha kusagia utumbo ukilaze ndani ya barafu unapotwanga. Vidole vyangu vilikufa ganzi miaka yote hiyo, na mpaka leo nikishika soda baridi nasikia harufu ya samaki.

Sasa utajuaje maji ya tumbo yana nguvu kiasi gani? Sisi tulitumia filamu. Filamu za zamani zilipakwa utando wa jelatini, na jelatini hutoka kwenye mifupa na ngozi za ng'ombe, kwa hivyo kwa tumbo la samaki ni chakula kama nyama. Tulipata filamu za eksirei zilizokwisha kazi hospitalini. Unakata kipande, unadondoshea tone la maji ya tumbo, unakiweka kwenye kisanduku chenye unyevu na joto kidogo, kisha unakisuuza na kukiinua dirishani. Maji yakiwa makali, pale penye tone utando umeliwa wote, unaona miti ya nje. Yakiwa dhaifu, unaona ukungu tu. Kilikuwa kipimo cha watu maskini lakini kilisema kweli.

Cha wanga kilikuwa kingine. Wanga ukitiwa iodini hugeuka buluu, na kimeng'enya kikiumega, buluu inatoweka. Siku moja nilipima maji ya kambare, na kambare ni mla nyama, hana haja kubwa na wanga. Buluu ikatoweka mara moja! Nikaita watu. Mzee Wekesa akaja, akainua ile chupa kwenye mwanga, akanusa, akanitazama.

"Huyu kambare amekula chapati ya nani?"

Kumbe tulikuwa tukivuta maji kwa mrija wa kioo, kwa mdomo, na mate yangu yalikuwa yameteremka. Mate ya binadamu yana kimeng'enya hichohicho cha wanga. Nilikuwa nimejipima mwenyewe. Mwezi mzima aliniita Kambare, na Anyango alipolisikia hilo jina akalichukua likawa lake. Akinikasirikia aliniita Odhiambo, akifurahi aliniita Kambare.

Anyango alikaanga samaki Kisumu Ndogo, hapo hapo Kibera, nje ya chumba chetu cha kupanga, karibu na wale akina mama wa omena, wale dagaa wa ziwani. Samaki wake walitoka ziwani kwa lori, na kabla ya kununua aliwabonyeza tumbo kwa kidole gumba. Wakati wa masika aliwakataa wengi.

"Hii imeshiba sana," alimwambia mwenye lori. "Itanipasukia hata mafuta haijapata moto."

Nami jioni nilimweleza ni kwa nini. Mvua ikinyesha, maji hujaa mwani na wadudu, ngege hula mchana kutwa, na utumbo wake mrefu uliojikunja kama kamba hujaa mpaka mwisho. Tumbo lililozoea kazi nyingi hutoa maji makali, na samaki huyo akifa njiani anajisaga haraka kuliko yule aliyekufa na njaa. Nilimweleza pia kwamba ngege hatafuni usiku, kwa hivyo alfajiri tumbo lake li tupu na halina ukali. Mwani anaoumeza asubuhi mapema hupita na kutoka ukiwa bado kijani, mpaka jua lipande na tumbo liamke. Hilo mlishike, nyinyi wa makoti meupe. Usimpime ngege wa asubuhi ukamlinganisha na wa alasiri, utaandika uongo. Na jike aliyebeba mayai mdomoni hali kitu hata bwawa likiwa limefurika chakula, kwa hivyo mwangalie mdomo kabla hujalaumu kipimo chako.

Anyango alisikiliza yote akigeuza samaki kwenye karai.

"Kwa hivyo serikali inakulipa ujue kama samaki ameshiba?"

"Pamoja na mambo mengine."

"Basi na mimi inilipe. Wewe umeshiba?"

Kisha aliniwekea kichwa cha ngege. Nyumbani kwetu kichwa kilikuwa changu na mkia ulikuwa wake yeye, ndivyo alivyopanga tangu siku ya kwanza, na kama kulikuwa na mgeni nilikatazwa kwa macho nisikitoe. Namkumbuka, vijana. Natamani hata ule moshi wa karai uliokuwa ukiniliza machozi.

Nirudi bwawani. Masika ndiyo sherehe ya samaki. Kumbikumbi wakiruka baada ya mvua huanguka majini kwa wingi, na kambare huwameza mpaka tumbo linakuwa gumu kama ngumi. Mzee Wekesa alikuwa Mluhya wa kumbikumbi haswa, na kila tulipompasua kambare wa aina hiyo alinung'unika, "Ona huyu, hata kukaangiwa hakungoja." Halafu huja mwezi wa sita na wa saba. Nairobi inafunikwa na wingu, maji yanapoa, na ngege hushuka chini wakatulia. Hawali sana. Ukimpasua unakuta tumbo limekunjamana, na maji yake ukiyaweka kwenye filamu huacha ukungu na si zaidi. Jua likirudi, na mvua za vuli, huanza kula tena kidogokidogo, na vimeng'enya navyo hurudi kidogokidogo. Tumbo lililokaa bila kazi haliamki siku moja.

Sasa nifike kwenye picha.

Asubuhi moja Anyango alikuja maabara kuniletea chakula nilichokuwa nimekisahau. Akinyi, binti yetu, alikuwa mchanga, amefungwa mgongoni kwa leso. Mzee Wekesa alikuwa akiwapiga picha ngege kwa kamera ya idara, na picha moja ilikuwa imebaki kwenye filamu.

"Shemeji, simama hapo dirishani," alisema. "Shika huyu mkubwa umwinue juu."

Tulidhani ngege yule amekufa. Anyango alipomwinua karibu na sikio, ngege akampiga shavuni kwa mkia. Anyango akacheka kicheko chake, mdomo ukienda upande wa kushoto, na hapohapo Mzee akabonyeza kamera.

Filamu ilipooshwa tuliiinua dirishani sote watatu. Mnajua filamu hugeuza mambo, cheusi kinakuwa cheupe. Anyango aliangalia uso wake mweupe na meno yake meusi akapiga kelele.

"Ai, Mzee! Umenigeuza mzungu, tena wa meno mabovu!"

Karatasi za kusafishia picha zilikuwa zimekwisha. Mzee aliahidi kumsafishia zikifika, akaikunja filamu akaitia kwenye kikopo chake, kwenye droo. Hatukuwa na picha nyingine ya Anyango. Tulioana kwa desturi kule nyumbani, na hakuna aliyekuja na kamera. Sisi wenyewe hatukuona haja, kwa sababu uso ulikuwapo kila siku.

Masika yalipofika alikwenda nyumbani na mtoto kupanda mahindi. Malaria ikampata huko. Habari zilinifikia nikiwa kwenye benchi, na nilipofika alikuwa tayari amelazwa sebuleni kwa mama yangu, watu wanalia. Tulimzika. Akinyi nilimwacha kwa mama, maana ningemlea vipi mtoto wa kunyonya katika chumba cha Kisumu Ndogo?

Njiani kurudi Nairobi nilijaribu kuuona uso wa Anyango. Pua ilikuja, kicheko kikaja, macho yakakataa. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kaburini. Mimi niliyeishi naye nimeanza kuupoteza, na Akinyi je, ambaye hata hakuwa na umri wa kukumbuka? Ndipo nilipokumbuka kile kikopo. Nilijiambia mtoto wangu atakuwa na mama wa kumtazama, hata kama ni wa karatasi.

Siku niliyorudi kazini ulikuwa mwezi wa saba, baridi imeshika. Mzee Wekesa alinishika mikono yote miwili, akaomba kwa Kiluhya maombi marefu ambayo sikuyaelewa lakini yalinituliza. Sikumwuliza filamu. Nilitaka kumtazama Anyango jioni, watu wakishaondoka, niweze kulia vizuri. Nilifanya kazi nyingine za asubuhi, na alasiri Mzee akaniambia nisome vipande vya filamu alivyovitayarisha mwenyewe nilipokuwa kwenye mifereji ya bwawa. Kila kipande kilikuwa na matone mawili, kushoto ngege na kulia kambare.

Nikaanza. Kipande, suuza, inua dirishani, sema. "Ngege ukungu. Kambare ametoboa." Kipande kingine. "Ngege ukungu. Kambare nusu." Niliona vipande ni vyembamba kuliko vya kawaida na vina vitundu pembeni, lakini akili yangu ilikuwa nzito siku zile. Nikainua kingine, na mtu mdogo mweupe akanitazama kutoka dirishani.

Filamu za eksirei zilikuwa zimekwisha nilipokuwa matangani. Mzee, mwenye kazi ya watu wawili na miwani ya waya, alikuwa amechukua kikopo akidhani ni cha picha za ngege zilizoharibika, akazikatakata, na picha ya mwisho ilikuwa ya Anyango.

Mikono yangu ilifanya kile ilichofundishwa. Nilikitumbukiza kile kipande ndani ya maji ya barafu, kabla hata kichwa hakijaelewa, ili chochote kilichokuwa kikila kilale. Mzee alikuja kuona. Alipoona alivua miwani.

"Odhiambo, ni shemeji?"

"Ni yeye."

"Uwi, Mungu wangu. Nimemlisha samaki."

Kisha akapata nguvu, akakimbilia kabati. "Fomalini! Ishikilie hapo hapo, usiguse uso!" Fomalini hukaza jelatini, kama inavyokaza ngozi ya samaki tunayemhifadhi kwenye chupa. Tulikilaza kipande ndani yake, tukasimama pale wanaume wawili wazima tukikodolea macho bakuli dogo, hakuna aliyethubutu kukiinua. Mwishowe nilikiinua mimi.

Tone la kambare lilikuwa limeangukia mkono wake ulioinuliwa. Kambare hana msimu wa kufunga kama ngege, na yule alikuwa amemeza chura mzima siku ile. Alivila vidole vyote pamoja na samaki aliyeshikwa, pakabaki tundu jeupe. Tone la ngege lilikuwa limeangukia usoni kabisa.

Uso ulikuwapo. Kulikuwa na duara la ukungu kuuzunguka, kama mtu anayetazama kupitia kioo cha dirisha asubuhi ya baridi, na chini ya ukungu macho yalikuwapo, na mdomo umekwenda kushoto. Yule ngege alikuwa amelala chini ya bwawa bila kula, na maji ya tumbo lake hayakuwa na nguvu ya kummaliza mke wangu. Ingekuwa mwezi wa nne, angekuwa tundu.

Jumapili hiyo Mzee Wekesa alitembea kutoka Kawangware hadi Kisumu Ndogo na suti yake ya kanisa, matope mpaka magotini, amebeba picha aliyoisafisha mwenyewe, na chupa ya uji. Watu wa ploti walimwona wakadhani ni pasta amekuja kuniombea.

"Kuku ningeleta," alisema, "lakini nimekutazama wiki hii. Huli. Tumbo yako iko kama ya ngege wa huu mwezi. Hiyo haiamshwi na kuku. Tuanze na uji."

Nilikunywa kwa sababu alikaa mpaka nikamaliza. Alirudi Jumapili nyingi baadaye, na baada ya uji vikaja viazi, na baada ya viazi ndiyo kuku. Hakuniomba msamaha tena baada ya siku ile ya bakuli, nami sikuutaka. Lakini kichwa cha ngege sikukigusa. Nilinunua samaki, nikala mwili, kichwa nikampa paka wa jirani. Chakula chote kilipita tu kama ule mwani wa asubuhi.

Akinyi alipofika umri wa shule nilimleta Nairobi. Alikuja na sauti ya kijijini na maswali mengi. Jioni ya kwanza nilimpikia samaki, nikamwonyesha picha ukutani. Katika karatasi lile tundu lilikuwa duara jeusi, na Anyango ameuinua mkono usio na vidole kuelekea ndani yake, akicheka.

"Huyu ni mama?"

"Ni mama."

"Na mimi niko wapi?"

"Uko mgongoni. Ona fundo la leso hapo kifuani, wewe uko upande wa pili."

Alisogea mpaka pua ikagusa kioo, akajaribu kuangalia nyuma ya mama yake.

"Ameshika nini hapa peusi?"

"Ngege. Mkubwa sana, alimpiga mkia."

"Mbona simwoni?"

"Kambare alimla."

Akanigeukia. "Kambare alimla kwa picha?"

"Kwa picha."

Mtoto akacheka. Mdomo wake ukaenda kushoto, ukaenda kabisa, macho yakawa madogo, na nikayaona macho ya Anyango wazi, bila ukungu, katika chumba kilekile. Nilisimama na kijiko mkononi nisijue nikiweke wapi.

Akinyi alirudi mezani, akatazama samaki, akachukua mkia akauweka kwenye sahani yake. Hakuna aliyemwambia. Labda alimwona bibi yake akifanya hivyo. Kisha akasukuma kichwa upande wangu.

"Baba, kula."

Nilikula. Nilinyonya mifupa ya shavu, nikala na macho, na kilikuwa kitamu.